Uhuru wa Chuo au Haki ya Mtu?

Mwaka 1957, serikali ya Afrika Kusini ilipokuwa ikiandaa sheria ya kuwatenga wanafunzi kwa rangi, vyuo vikuu vya Cape Town na Witwatersrand vilitoa kitabu, The Open Universities in South Africa. Hoja yake ni safi: chuo chenyewe ndicho kiamue nani afundishe, nini kifundishwe, kwa njia gani, na nani apokewe. Mwaka ule ule Jaji Frankfurter aliinukuu katika Mahakama ya Juu ya Marekani.

Lakini hoja hii hulinda uamuzi wa chuo kuliko haki ya mtu. Na mwenye uhuru wa kuamua aweza kuamua vibaya. Katika vyuo hivyo hivyo wanafunzi walisoma pamoja, wakatengwa katika michezo na dansi. Sheria ilipita mwaka 1959. Mwaka 1968 chuo cha Cape Town kilimteua Archie Mafeje kufundisha. Serikali ilipotisha, baraza likatengua uteuzi. Waliokalia jengo la utawala kwa kupinga ni wanafunzi.

Kitabu chastahili heshima. Hata hivyo, kilinena juu ya mlango, kikamsahau mgeni.