Hongera, Wamotari wa Butembo

Mgeni akishuka Butembo, mashariki mwa Kongo, wa kwanza kumwita "papa, twende!" ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria. Nimepanda pikipiki zao wiki nzima, na nawapongeza kwa moyo wote. Vilima vya mji huu havina mzaha. Mvua ikinyesha, udongo unateleza kama sabuni. Yule aliyenibeba asubuhi moja alitia gia ya kwanza, akashusha miguu yote miwili, tukateremka polepole. Nyuma yangu alikuwa amefunga gunia la viazi kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, wala halikutikisika. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, wamotari walisimama vizuizini kunawa mikono na kupimwa joto, kisha wakaendelea na safari ya mji wa Beni, kama kilomita 54. Ndugu abiria, walipeni nauli yao kamili.