Kurudi Si Kufika

Hadithi nyingi tulizosimuliwa utotoni zilikomea mahali pamoja. Zimwi limekufa, ngoma zinapigwa, shujaa amemwoa binti wa mfalme, nao wanaishi raha mustarehe. Msimulizi alitamka kwamba hadithi yake imeishia hapo, na watoto tukapelekwa kulala. Hakuna aliyeuliza shujaa yule alilalaje usiku wa pili. Je, alimwota zimwi? Je, mkono ulioshika panga uliacha kutetemeka? Swali hilo nimeishi nalo kwa miaka mingi, kwa sababu nitakayoieleza mbele, na jibu lake nimelikuta katika sinema ya mapanga na farasi.

Sinema yenyewe ni The Return of the King, yaani Kurudi kwa Mfalme, sehemu ya tatu na ya mwisho ya The Lord of the Rings. Ilitoka Desemba 2003. Mwongozaji wake, Peter Jackson, alizipiga picha za sehemu zote tatu kwa mfululizo nchini kwao New Zealand, kuanzia 1999 hadi 2000. Februari 2004 ilipewa tuzo 11 za Oscar, yaani kila tuzo iliyoshindania, na kabla yake ni filamu mbili tu zilizokuwa zimeifikia idadi hiyo: Ben-Hur ya 1959 na Titanic ya 1997. Kisa kimetoka katika kitabu cha Mwingereza J.R.R. Tolkien, ambacho juzuu yake ya tatu ilichapishwa 1955. Wajukuu zangu walinionyesha sehemu zote kwa jioni tatu. Wao walikuwa wakingojea vita. Mimi nilikamatwa na yale yanayofuata baada ya vita.

Kwa msomaji asiyekijua kisa, nitakieleza kwa ufupi. Sauron, bwana wa giza, alifua pete ya kuwatawala viumbe wote. Pete hiyo haiharibiki isipokuwa itupwe katika moto wa mlima ule ule ilimofuliwa. Mzigo wa kuipeleka unamwangukia Frodo, mmoja wa Wahobiti, watu wafupi, wakulima, wapenda chakula na amani, ambao wafalme hawakuwahi kuwahesabu. Anafuatana na Sam, mtunza bustani wake. Anayewaonyesha njia ni Gollum, kiumbe aliyekaa na pete hiyo miaka mingi mno hata ikamla utu wake. Hao watatu wanapotambaa kuelekea mlimani, Aragorn, mrithi wa ufalme, anaongoza jeshi dogo hadi kwenye lango la adui ili kuyavuta macho ya adui huyo yasiwatazame wale wadogo.

Darasani tulizoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Basi nianze na fani, maana hapo Jackson hana deni kwa mtu. Tazama jinsi mioto ya hatari inavyowashwa. Mji wa Minas Tirith umo hatarini na unahitaji msaada. Moto mmoja unawashwa, kilele cha mbali kinajibu, kisha kingine, juu ya mawingu na theluji, mpaka habari inamfikia Théoden, mfalme wa Rohan, katika nchi nyingine. Ni milima na muziki wa Howard Shore tu vinavyozungumza. Halafu Théoden, aliyeigizwa na Bernard Hill, anatulia kidogo kabla ya kuamua. Mtazamaji anakumbuka kwamba nchi hiyo inayoomba haikumsaidia yeye aliposhikwa. Katika kimya kile kifupi ndipo utu wa mfalme unapopimwa.

Kadhalika, tazama Denethor, mtawala wa mji, akila chakula chake baada ya kumtuma mwanawe Faramir kwenye vita visivyo na tumaini. Anamwamuru Pippin, Mhobiti kijana, amwimbie. Billy Boyd, mwigizaji wa Pippin, ndiye aliyeutunga mwenyewe mtiririko wa sauti ya wimbo huo kwa maneno ya Tolkien. Kijana anaimba kwa sauti nyembamba, wapanda farasi wanakwenda mbio, mishale inaachiwa, na sisi tunaonyeshwa kinywa cha baba kinachotafuna, nyanya ikimchuruzika kidevuni. Damu hatuioni, wala hatuihitaji. Mwalimu wa fasihi anayetaka kufundisha maana ya taswira aanze na dakika hizo.

Kasoro zipo, na si haki kuzificha. Jeshi la wafu linaloletwa na Aragorn linamaliza vita kwa wepesi mno, hata damu ya waliokufa tangu asubuhi inaonekana kama ilimwagika bure. Tena lile jambo la Frodo kumfukuza Sam kwa fitina ya makombo ya mkate halimo kitabuni, wala halikubaliki kwa urahisi kwa mtu aliyewafuata wawili hao tangu mwanzo wa safari. Lakini hizo ni nyufa za ukuta, msingi umesimama.

Msingi huo ni nini? Ni kwamba shujaa anashindwa. Jambo hili watazamaji wengi hulipita haraka kwa sababu ya kelele za mlima unaopasuka. Frodo ameishiwa nguvu, Sam anambeba mabegani kupanda mlima, kwa kuwa mzigo wenyewe hawezi kumpokea lakini mwenye mzigo anaweza kumbeba. Wanafika kwenye ukingo wa moto. Safari yote, vifo vyote, vilikuwa kwa ajili ya mkono mmoja kufunguka. Haufunguki. Frodo anageuka, anatangaza kwamba pete ni yake, anaivaa. Ni Gollum, kwa uchu wake, anayemng'ata kidole na kuinyakua. Wanashikana, Gollum anaanguka motoni pamoja na pete. Kitabuni Gollum anateleza mwenyewe kwa furaha. Jackson amewafanya wapigane, na kwa hiyo Frodo wake haendi ukingoni kutimiza wajibu, anakwenda kuipigania pete.

Basi nani aliyeshinda? Frodo na Sam walikuwa na nafasi nyingi za kumuua Gollum njiani, na Frodo alimhurumia. Kama angemuua, pete isingeanguka. Huruma aliyoitoa alipokuwa bado na nguvu ndiyo iliyofanya kazi siku nguvu zilipokwisha. Kwa muda wote niliofundisha sijaona funzo la maadili lililosemwa kwa ufasaha namna hiyo bila hata kuhubiriwa.

Hapo hadithi za bibi zetu zingekoma. Hii inaendelea. Aragorn anavikwa taji, na wale Wahobiti wanne wanapotaka kumwinamia anawazuia. Mfalme anapiga magoti mbele yao na umati wote unafuata. Kisha wanarudi kwao, Shire. Wanaketi baani kama zamani. Wateja wanalishangilia boga kubwa la mzee mmoja. Hakuna hata mmoja anayewageukia wale wanne. Nao hawasemi kitu. Wanatazamana, wanainua vikombe, wanakunywa. Kitabuni wanaikuta Shire imeharibiwa, nao wanapigana kuisafisha. Wapo wanaomlaumu Jackson kwa kuiacha sura hiyo. Mimi naona alichokifanya kinauma zaidi. Nyumbani hakuna kilichobadilika, hata kitasa cha mlango. Aliyebadilika ni yule anayekishika.

Tolkien aliyajua hayo. Mwaka 1916 alikuwa ofisa kijana wa jeshi la Uingereza katika mapigano ya Somme huko Ufaransa, akarudishwa kwao akiwa na homa iliyoenezwa na chawa wa mahandakini. Ilipofika 1918, rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Alikana kwamba kitabu chake ni fumbo la vita yoyote, na namwamini. Lakini mtu haandiki kwa mkono wa mwingine.

Nami ninaye wa kwangu. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu alikwenda kwenye Vita vya Kagera, majeshi ya Idi Amin yalipovamia nchi yetu Oktoba 1978. Alirudi baada ya Kampala kutekwa Aprili 1979. Tulimpokea kwa ngoma na ubwabwa, akapangiwa shule niliyokuwapo. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mwembeni, na kila ilipogongwa chaki ilimdondoka mkononi. Watu walimwuliza habari za Kampala. Yeye aliwauliza habari za mahindi. Alifundisha hesabu vizuri kuliko sisi sote. Baada ya miaka miwili aliaga kwa upole, akaenda kuishi kisiwani, Ziwa Victoria, na huko alifia. Wengi walisema ana majivuno. Wengine walisema karogwa. Hatukuwa na neno la tatu.

Ndiyo maana siwakubali wanaosema filamu hii ina miisho mingi mno, kwamba inakoma na kuanza tena mara tano. Nimewasikia hata wajukuu wakihema kwa kuchoka. Lakini jambo linaloelezwa ni lile lile lisilokwisha. Frodo anaandika kitabu cha safari yake, na jeraha la bega alilochomwa na adui linamuuma miaka minne baadaye, tarehe ile ile. Filamu isiyomchosha mtazamaji hapo ingekuwa inamdanganya. Jeraha la namna hiyo halifuati saa za watazamaji.

Mwisho wanamsindikiza bandarini. Frodo anapanda merikebu pamoja na Gandalf, mzee wao wa hekima, kwenda nchi isiyo na marejeo. Sam haamini. Alimbeba mtu huyu mlimani, na sasa anaambiwa abaki. Elijah Wood, kama Frodo, anageuka mara moja na kutabasamu, na ni mara ya kwanza kwa muda mrefu uso ule kuwa mwepesi. Halafu Sam anarudi kwake. Mtoto anamkimbilia, mke yupo mlangoni, naye anasema tu kwamba amefika.

Wawili walikwenda njia moja, wakala mkate mmoja. Mmoja ameweza kurudi, mwenziwe hakuweza, na filamu haimlaumu hata mmoja. Msomaji utakayeitazama, usiinuke taji linapowekwa kichwani. Kaa. Kama kwenu yupo aliyerudi kutoka mahali pabaya, mkaribishe akae nawe, wala usimwulize kitu.