Pongezi kwa Walezi wa Wazee
Katika makao ya wazee ya Sebleni na Welezo, Unguja, wapo watu ambao kazi yao ni kulea wazee wasio wao kwa damu. Hao ndio ninaowapongeza. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini fedha hazimgeuzi mtu kitandani.

Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, asije akapata vidonda vya kulalia upande mmoja. Mlezi hodari hukagua visigino, nyonga na kiuno. Akigusa ngozi akaikuta ina joto au imekuwa ngumu, hamlazi tena upande huo. Sakafu ya choo huipangusa mpaka ikauke, maana nyonga ikivunjika uzeeni, wengi hawasimami tena. Tena hubisha hodi kabla ya kuingia. Hilo la hodi mimi naliweka juu kabisa: chumba kile ndiyo nyumba ya mzee.

Kazi hii inastahili mafunzo, glavu za kutosha na mshahara wa heshima. Wenye mamlaka, wapeni.