Bolti nne zisizobeba mzigo

Tarehe 5 Januari 2024, Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines iliyokuwa imetoka Portland, Marekani, ilipasuka ubavu ikiwa futi zipatazo 16,000 angani. Watu wote 177 waliokuwemo walinusurika. Kwa abiria wa Mwanza habari hii ina uzito wake: Air Tanzania ilipokea ndege yake ya kwanza ya aina hiyo Oktoba 2023.

Kilichochomoka ni kizibo. Shirika lenye viti vichache halihitaji mlango wa dharura wa ziada, hivyo nafasi yake huzibwa. Hewa ya ndani husukuma kizibo kwenda nje, nacho huegemea vizuizi 12 vilivyopangwa pembeni. Ili kifunguke, sharti kwanza kipande juu kuvipita vizuizi, ndipo kilalie nje kwenye bawaba za chini. Bolti nne zina kazi moja tu: kisipande.

Bolti hizo hazibebi msukumo wa hewa. Vizuizi ndivyo vinavyoubeba. Kwa hiyo zikikosekana, hakuna kinacholia wala kuvuja siku hiyohiyo. Ndege ilikabidhiwa 31 Oktoba 2023, ikabeba abiria kwa zaidi ya miezi miwili huku kizibo kikisogea juu kidogo kidogo.

Je, nati zililegea? Fundi wa Hiace pale Butimba, Mwanza, anayefunga tairodi za usukani anajua jibu. Nati ya kawaida hushikwa na msuguano wa hesi, na msuguano huo hutokana na bolti kuvutika inapokazwa. Mtetemo ukipunguza mvutano, nati huanza kurudi nyuma. Ndiyo maana kwenye usukani huwekwa nati yenye mapengo, kotapini ikapitishwa kwenye tundu la bolti na mikia yake kukunjwa: hapo msuguano hautegemewi tena. Bolti za kizibo nazo hufungwa hivyohivyo. Zikiwa zimefungwa, hazijifungui.

Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, waliangalia matundu ya bolti. Bolti inayokatika au kung'olewa kwa nguvu huacha makovu. Matundu haya hayakuwa nayo. Maana yake, bolti hazikuwemo. Septemba 2023, katika kiwanda cha Boeing cha Renton, kizibo kilikuwa kimefunguliwa ili ribiti tano zilizoharibika zibadilishwe. Picha iliyopigwa baada ya kazi hiyo inaonyesha sehemu tatu zisizo na bolti. Ya nne ilifunikwa. Kumbukumbu ya kufungua haikupatikana, na kazi ambayo haikuandikwa haina mkaguzi.

Hesi bora, chuma bora na kotapini hulinda bolti iliyopo. Havina msaada kwa bolti iliyosahaulika mezani. Juni 2025 NTSB ilitaja chanzo kuwa Boeing kutotoa mafunzo, mwongozo na usimamizi wa kutosha kiwandani.

Makaratasi yaliyonyooka ni lazima, lakini dawa ya kihandisi ni nyingine. Boeing imebuni kifungio cha pili ambacho, kizibo kisipofungwa sawasawa, huzuia paneli ya ndani ya chumba cha abiria isikae mahali pake. Kosa linamsimamisha fundi anayefuata palepale kiwandani, hata kama hakuna aliyeandika chochote. Kwa bolti isiyobeba mzigo, hicho ndicho kipimo cha usanifu mzuri: kukosekana kwake kuonekane kabla ndege haijatoka.