Goti la Fundi

Fundi wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ambaye hajawahi kuteremka nayo kutoka Kibumba, mimi simpi kazi. Huenda mbao zake zimenyooka na misumari imekaa sawa, lakini mahali pa goti atapaweka jicho linapopataka, si mguu utakapopahitaji. Ukiwa na magunia ya viazi mbele yako, barabara imeinama kuelekea mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, na lori linapiga honi mgongoni, upana wa vidole viwili tu unatosha kuamua kama utalala kwako.

Ndiyo maana mafundi ninaowaheshimu waliwahi kuwa waendeshaji. Mgongo ulipochoka, wakashika panga na patasi. Karatasi ya mchoro hawana. Wana mumba, mti mgumu, na mkaratusi; wana tairi kuukuu za kuvisha magurudumu ya mbao, na beringi zilizochomolewa kwenye magari mabovu. Gurudumu likiisha kuvishwa, fundi hulizungusha hewani. Halitazami. Hulitegea sikio, kwa sababu huko mteremkoni sikio ndilo lililomwambia mapema kwamba kitu kimelegea. Wenyewe husema hata jina la chukudu limetokana na mlio wa magurudumu hayo juu ya mawe.

Na mawe ya Goma si haba. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Mei 2021 ikashuka tena, ikaishia pembezoni. Watu walirudi wakajenga juu ya mwamba uleule, na mbao, saruji na maji vikawafikia kwa chukudu, chombo kilichozaliwa hapa Kivu miaka ya 1970. Wasanifu majengo wana heshima yao, lakini nyumba nyingi za mji huu zilipanda chukudu kabla hazijasimama.

Tangu 2009 mji una sanamu ya dhahabu ya chukudu kwenye mzunguko wa barabara. Nzuri, sikatai. Ila haijui uzito. Chukudu tupu hurukaruka kama mwanambuzi. Ukiipakia makaa na kabichi, kilo 400 hata zaidi, ndipo inatulia na kushika njia. Basi fundi hulazimika kuchonga kwa ajili ya mzigo usiokuwepo karakanani. Anaukumbuka mabegani. Anajua breki, kile kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, itakanyagwa na mguu uliokwisha kufa ganzi, kwa hiyo huiacha pana kuliko inavyopendeza.

Mnunuzi akija kuchukua yake, hulipa, kisha huambiwa apige goti juu ya ubao, ashike mikono ya usukani, asukume kidogo kwa mguu wa pili. Fundi huinama, huweka alama ya mkaa. Kisha hukata ndala kuukuu, akaipigilia palepale goti lilipotua.