Aliyeshikwa na Anayetazamwa: Kizunguzungu cha Umati katika Lugha ya Fasihi

Makala haya mafupi yanachunguza suala ambalo uhakiki wetu umelipitia mbali: namna Kiswahili kinavyomsawiri mtu anayepotewa na mizani ya mwili katikati ya halaiki. Dai letu ni kwamba lugha ina misamiati miwili mintarafu ya hali hiyo, mmoja wa anayeugua na mwingine wa anayemtazama, na kwamba msimulizi anayeuchagua mmoja huwa tayari ametoa hukumu.

Tuanze na neno lenyewe. Kizunguzungu limejengwa kwa kukariri sehemu ya kitenzi zunguka, na ukariri huo unaiga mzunguko usiokoma. Muhimu zaidi ni muundo wa sentensi. Mgonjwa husema, "Nimeshikwa na kizunguzungu." Maradhi ndiyo mtenda; mtu ni mtendwa. Ndivyo asemavyo pia aliyeshikwa na kisunzi. Mtazamaji, kinyume chake, husema, "Anayumba, anapepesuka, analewalewa." Hapa maradhi yametoweka, na mtu amekuwa mtenda wa aibu yake mwenyewe. Ni kweli kwamba kulewa si kwa pombe tu. Watu hulewa tumbaku, hulewa hata madaraka. Lakini anayepepesuka kati ya wachukuzi na mikokoteni katika soko la Kongowea, Mombasa, hukumu ya ulevi yaweza kumfikia kabla hajafungua kinywa.

Mwili hujisawazisha kwa mashahidi watatu: macho, sikio la ndani, na hisi za misuli na viungo. Katika umati macho huarifu kwamba kila kitu kinasogea, ilhali sikio hushuhudia utulivu. Mwenye afya huuamua mgogoro huo bila kujua, mgonjwa huuishi.

Wataalamu wa tiba nao waliwahi kutatizwa na majina. Mwaka 1861, mjini Paris, Prosper Ménière alieleza kwamba kizunguzungu chaweza kutokana na sikio la ndani. Mwaka 1870 Moritz Benedikt wa Vienna aliandika juu ya kizunguzungu cha viwanjani. Mwaka uliofuata Carl Westphal wa Berlin akaiita hali ya namna hiyo hofu, agorafobia, na jina la hofu ndilo lililoenea. Ilipofika mwaka 2017 Jumuiya ya Bárány ilichapisha vigezo vya kizunguzungu sugu cha miezi mitatu au zaidi, kinachozidishwa na kusimama, mwendo, na mandhari yenye vitu vingi visogeavyo.

Katika fasihi yetu mwili haujatendewa haki zaidi. Kichwamaji, riwaya ya E. Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974, ina jina la maradhi kabla ya kuwa jina la riwaya. Hata hivyo uhakiki wake umeelemea mno udhanaishi. Hatuikatai sitiari. Tunalolikataa ni mazoea ya kudhani kwamba kila anayeyumba mjini anaashiria jamii iliyopotoka, kana kwamba yeye mwenyewe hana sikio liumwalo.

Basi mhakiki akutanapo na mhusika anayepepesuka, na aulize kwanza: nani asemaye hapa, aliyeshikwa au anayetazama? Iwapo anayetazama ndiye msemaji pekee, ukimya wa aliyeshikwa ni sehemu ya matini, nao wastahili kuhakikiwa.