Mwizi Ndiye Anajua Mlango wa Nyuma

Kwenye hadithi nyingi za upelelezi, mpelelezi huingia popote. Ana kitambulisho, anabisha, anafunguliwa. Tina, msichana wa miaka 16 katika City of Saints & Thieves ya Natalie C. Anderson (2017), hana hicho kitambulisho. Ana vidole vyepesi tu. Ni mwizi wa genge liitwalo Goondas huko Sangui, mji wa bandari nchini Kenya ambao hutaupata kwenye ramani yoyote. Mamake, mkimbizi kutoka Kongo, alipigwa risasi ndani ya nyumba ya tajiri aliyekuwa amemwajiri. Miaka kadhaa baadaye Tina anarudi humo kuiba siri za huyo mdosi, anashikwa na mwanawe, na wawili hao wanaanza kumsaka muuaji pamoja.

Sisi wa Ukambani tumezoea mpelelezi tofauti. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, alituletea Benni Kamba 009 katika The Equatorial Assignment mwaka wa 1980. Benni ni jasusi aliyetumwa. Nyuma yake kuna wakubwa. Tina akikwama ana Boyboy, rafiki mjanja wa kompyuta, basi. Ndiyo maana hofu yake inaaminika. Akikosea, hakuna atakayemuulizia.

Uchunguzi unampeleka hadi Kongo, kwenye dhahabu, na hapo ndipo riwaya inapokomaa. Kuiba mifukoni kunaanza kuonekana kitu kidogo sana. Ukisoma hizo kurasa ukiwa huku kwetu, lazima ufikirie mchanga. Mito yetu ya msimu huficha maji ndani ya mchanga. Malori yakiubeba usiku, wakati wa kiangazi watu wanachimba na hawapati kitu. Watu wameuawa kwa sababu ya mchanga huo, na Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka wa 2015. Sasa jiulize: mwizi ni nani, kijana wa koleo au mwenye lori? Na aliyejenga gorofa Nairobi kwa huo mchanga tumwite nani?

Kitabu kina udhaifu. Riwaya ya mauaji inataka mkono mmoja ulioshika bunduki, na Anderson anautafuta kwa bidii. Lakini biashara ya dhahabu ina mikono mingi. Kurasa za mwisho zinakimbilia jibu la nani alimuua Mama. Ningependa zikae zaidi na wale walionunua.

Bado nakuambia kitafute. Utakimaliza kwa siku mbili, na hasira yake itabaki nawe. Halafu, kama wewe ni mwandishi kutoka Kitui au Makueni, hebu tuandikie yetu. Lazima kuna msichana mahali fulani aliyewahi kupakia hayo malori, anayezijua njia zote za mtoni, na anayejua nani hulipwa ili asione kitu.